Ustadi wa Mkono na Unyofu wa Moyo

Neno kwa waimbaji, wapiga vinanda na wapiga matarumbeta wa sharika zetu. Somo: 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 13 na ya 15.



Mara nyingi tunapozitembelea sharika twasikia maneno mawili yanayopigana. Mahali pamoja twaambiwa, "Kwaya yetu haijui noti, wala haina siku maalum ya kujifunza, lakini Mungu hutazama moyo, basi yatosha." Mahali pengine twaambiwa, "Kwaya yetu ni hodari, hata watu wa mbali huja kuisikiliza, basi mambo yao ya nyumbani tusiyachunguze mno." Ukiyasikia maneno hayo upesi utadhani ni adui wawili. Lakini ukiyatazama vema utaona ya kuwa ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza laomba ruhusa ya kuwa mvivu, la pili laomba ruhusa ya kuwa mkaidi, na yote mawili yataka kumtolea Mungu nusu ya sadaka na kuibakiza nusu nyumbani.

Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema kusema na wale wote wanaotumika katika nyimbo za Kanisa: na waalimu wa kwaya, na waimbaji wakubwa kwa wadogo, na wapiga vinanda, na wapiga matarumbeta, na pia Wazee wa Kanisa walio na kazi ya kuwaangalia. Tena twataka kusema na nafsi zetu, maana katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, kama mtakavyosikia.

Somo letu lataja safari mbili za Sanduku la Agano. Safari ya kwanza imeandikwa katika sura ya 13. Mfalme Daudi alitaka Sanduku litoke Kiriath-Yearimu, katika nyumba ya Abinadabu, liletwe Yerusalemu. Watu wote waliona ya kuwa shauri hili ni jema. Wakatengeneza gari jipya, wakaliweka Sanduku juu yake, wakafunga ng'ombe, na Uza na Ahio wakaliongoza gari. Na muziki ulikuwako! Daudi na Israeli wote walicheza mbele za Mungu kwa nguvu zao zote, wakiimba, wakipiga vinubi na vinanda na matari na matoazi na tarumbeta. Hapana neno lolote linalosema ya kuwa mioyo yao ilikuwa ya unafiki siku ile. Walifurahi kweli. Lakini walipofika penye uwanja wa kupuria nafaka, ng'ombe walijikwaa, Uza akanyosha mkono kulishika Sanduku, naye akafa palepale. Nyimbo zikakoma. Daudi akaogopa, na Sanduku likawekwa katika nyumba ya Obed-Edomu miezi mitatu.

Safari ya pili imeandikwa katika sura ya 15. Daudi alikuwa amepata nafasi ya kufikiri. Akasema wazi ya kuwa mara ya kwanza hawakumtafuta Mungu kwa namna aliyoiagiza mwenyewe. Sanduku lilipaswa kuchukuliwa na Walawi mabegani kwa miti yake, kama Musa alivyoamuru, lisiwekwe juu ya gari. Basi sasa makuhani na Walawi wakajitakasa kwanza. Ndipo Daudi akawaambia wakuu wa Walawi wachague waimbaji katika ndugu zao. Wakawekwa Hemani na Asafu na Ethani, kila mtu kwa kazi yake, mwenye matoazi na mwenye kinubi na mwenye tarumbeta. Na katika mstari wa 22 tunasoma habari za mtu mmoja ambaye wengi humpita bila kumwona, jina lake Kenania. Huyu aliwekwa juu ya uimbaji ili awafundishe wengine, na sababu inatajwa: alikuwa mtu mwenye kuijua kazi hiyo.

Tazameni basi, ndugu. Katika safari ya kwanza ilikuwako furaha nyingi, lakini hakuna aliyeuliza jinsi kazi ya Mungu inavyotakiwa kufanywa. Katika safari ya pili furaha haikupungua, ila iliongezwa mambo mawili: watumishi walijitakasa, na Kenania alifundisha. Mambo haya mawili hayakutenganishwa siku ile, nasi leo tusiyatenganishe.

Jambo la kwanza: Bwana astahili kazi iliyofanywa vema.

Tusiudharau ustadi. Alipojengewa hema jangwani, Mungu alimjaza Besaleli Roho yake ili ajue kuchonga na kufuma na kufua dhahabu. Alipotafutwa mtu wa kumtuliza Sauli, alitafutwa mtu ajuaye kupiga kinubi. Na katika sura ya 25 ya kitabu hiki twasoma ya kuwa waimbaji waliofundishwa kwa ajili ya nyumba ya Bwana walikuwa 288, wamegawanywa zamu 24, kila zamu watu 12. Hawa hawakusimama mbele za watu bila kujifunza, wakasema, "Roho atatuongoza." Roho aliwaongoza kwa kuwapa waalimu.

Nao baba zetu wa imani walijua hivyo. Mwaka 1524 kilichapwa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo alichokitengeneza Johann Walter kwa sauti nyingi, kila sauti na kijitabu chake, na Martin Luther mwenyewe akakiandikia maneno ya kutangulia. Nia yake ilikuwa vijana wapate kitu chema cha kuimba, waache nyimbo za upuuzi, wajifunze mema kwa furaha. Luther hakuona ya kuwa kujifunza sauti nne ni kazi ya dunia tu. Aliiona kuwa malezi ya vijana wa Kanisa.

Lakini labda mtu atauliza, "Ustadi huu ni wa Wazungu, sisi una faida gani kwetu?" Ndugu, ustadi si mali ya taifa moja. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mtumishi wa Kanisa letu la Tanzania, alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kiafrika. Leo wimbo huo waimbwa na Wakristo wa Ujerumani na wa Marekani kwa lugha zao. Sisi tulipokea nyimbo kutoka kwao, nao wakapokea wimbo kutoka kwetu. Hayo yasingekuwako kama mtunzi angesema, "Moyo watosha," asijisumbue kuyapatanisha maneno na sauti.

Maana kazi hiyo ya kuyapatanisha ni kazi kweli. Kila aongeaye Kiswahili ajua ya kuwa sauti huwekewa nguvu penye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiihamisha nguvu hiyo, neno laweza kugeuka maana. Mtu akitamka "barabara" kwa kukaza silabi ya tatu, amesema habari za njia. Akikaza silabi ya pili, amesema ya kuwa jambo ni sawasawa kabisa. Sasa, nyimbo nyingi tulizozipokea zilitungwa kwa lugha nyingine zenye mapigo mengine. Mwimbaji asiyefikiri huikaza silabi isiyopaswa, huivuta silabi ndogo mpaka neno likatike katikati, na mgeni aliyeketi nyuma hafahamu ikiwa tunamsifu Mungu au tunahesabu magunia. Na katika lugha za makwetu ambazo sauti ya juu na ya chini hubadili maana ya neno, hatari ni kubwa zaidi. Mtume Paulo alitaka kuimba kwa roho na kwa akili pia. Neno lisilosikika halimjengi mtu, hata kama mwimbaji anatoa machozi.

Basi waalimu wa kwaya, msione haya kusumbuka na mambo madogo. Wimbo ukianzishwa juu mno, akina mama na wazee hunyamaza kabla ya ubeti wa tatu. Ukianzishwa chini mno, hakuna anayeusikia. Mpiga kinanda akikimbia, usharika hubaki nyuma ukihema. Akivuta, watu husinzia. Wenye vinanda vya umeme na vipaza sauti wajiangalie zaidi, maana sauti ya mashine moja yaweza kuzifunika sauti za watu mia tatu, nao watu wakiona hawasikiki huacha kuimba na kuanza kutazama. Siku hiyo usharika umenyang'anywa kazi yake.

Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685, alionywa katika jambo hilohilo. Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20, alikuwa mpiga kinanda katika mji wa Arnstadt. Akaomba ruhusa ya majuma manne, akaenda kwa miguu mwendo wa kilometa 400 hivi mpaka Lübeck, apate kumsikia fundi mkubwa Dietrich Buxtehude. Hapo twaona bidii ya kujifunza, nasi tunaona tabu kutembea nusu saa kwenda kwenye mazoezi! Lakini alikaa huko miezi karibu minne. Aliporudi, mwezi wa Februari 1706, wakuu wa kanisa walimwonya kwa kukaa zaidi ya ruhusa, tena kwa sababu alichanganya katika nyimbo za ibada sauti nyingi za kigeni, hata usharika ukapotea usijue wimbo unakwenda wapi. Fundi yule, ambaye dunia nzima yamheshimu leo, ilimpasa kukumbushwa ya kuwa mkono wake umewekwa kuwachukua watu, usiwaache njiani.

Jambo la pili: Bwana ataka moyo ulio mnyofu.

Hapa twawaomba mtuvumilie, maana twasimulia aibu yetu wenyewe. Katika usharika mmoja tuliokuwa na sehemu ya kuuangalia, hapa Uchagani, alikuwako mpiga kinanda hodari sana. Alipopiga, hata watoto walitulia. Mtu huyu alikuwa na ugomvi na mdogo wake kwa ajili ya mpaka wa shamba la migomba waliloachiwa na baba yao. Masale ya mpakani yaling'olewa usiku, tena yakapandwa upande mwingine, tena yakang'olewa. Karibu mwaka mzima hawakusalimiana. Mdogo mtu akaacha kuja Mezani kwa Bwana, akisema hawezi kupiga magoti ndani ya nyumba ambayo kaka yake anapiga kinanda.

Wazee wa Kanisa walijua. Sisi tulijua. Nasi tulisema, "Na tungoje Pasaka ipite, maana nani atapiga?" Pasaka ikapita. Tukasema, "Na tungoje sikukuu ya mavuno." Nayo ikapita. Tulijidanganya ya kuwa tunavumilia, kumbe tulikuwa tumemwuza mdogo mtu kwa bei ya sauti nzuri.

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, mjane mmoja mzee alitushika mkono mlangoni, akasema, "Baba, leo kinanda kimelia vizuri. Lakini nyumba yangu iko katikati ya nyumba zao mbili. Siku sita nawasikia wakitukanana juu ya paa langu. Siku ya saba siwezi kuimba kinapolia. Nifanyeje?" Hatukuwa na la kumjibu. Jioni ile tukaenda kwa yule mpiga kinanda, tukamwambia lililotupasa kumwambia tangu zamani. Akakasirika, akasema, "Mtafute mwingine." Na juma lililofuata hakuja.

Majuma manne tuliimba bila kinanda. Na hapo, ndugu, tulihukumiwa mara ya pili. Tulidhani usharika wetu wajua kuimba, kumbe kinanda ndicho kilichokuwa kikiimba. Wimbo wa kwanza ulianzishwa juu mno, hata katika ubeti wa tatu zilisikika sauti za wavulana tu. Nyimbo nyingine watu walijua ubeti mmoja, mingine walivumavuma. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa amefundishwa kupiga, maana kwa nini tumfundishe mwingine, nasi tunaye hodari? Kwa hiyo hatukuweza kusema, "Yule mtu ndiye mwenye kosa, sisi tu safi." Yeye alikuwa na ustadi pasipo unyofu. Sisi tuliojitia wanyofu hatukuwa na ustadi, wala unyofu wenyewe hatukuwa nao.

Juma la tano alikuja nyumbani kwetu usiku. Akasema, "Jumapili iliyopita nilikaa nje ya uzio, nikawasikiliza. Mliimba vibaya sana, nami nikafurahi. Nilipokuwa nikirudi niliishangaa furaha yangu, nikaogopa. Nilifurahi kusikia sifa za Mungu zikiharibika! Ndipo nilipojua miaka yote hii nilikuwa nikimpigia nani." Akalia. Asubuhi akachuma jani la isale, kama ilivyo desturi ya wazee wa Uchagani mtu aombapo kusamehewa, akalipeleka kwa mdogo wake. Siku ile halikupokewa. Akarudi siku nyingine, likapokewa. Mpaka ulipimwa mbele ya Wazee. Hatutaki kuwadanganya kwa kusema ya kuwa yote yamekwisha. Yako maneno yaliyobaki, na mdogo mtu bado haji kila Jumapili. Lakini wanasalimiana, na mjane yule anaimba, na karibu na kinanda huketi wasichana wawili na mvulana mmoja wakitazama vidole vya mwalimu wao.

Sasa tuulize: unyofu ni nini? Wengi hudhani ya kuwa mwimbaji mnyofu ni yule anayefumba macho, anayetetemeka, anayelia. Twaweza kulia kwa sababu ya uzuri wa sauti zetu wenyewe. Nabii Amosi aliwaletea watu wa Israeli neno zito, ya kuwa Mungu ataka kelele za nyimbo zao ziondolewe mbele zake, wala hatasikiliza vinanda vyao. Je, waliimba vibaya? Hatusomi hivyo. Twasoma ya kuwa nje ya ibada waliwakanyaga maskini na kuipotosha hukumu. Mungu aliisikiliza pia sauti ya soko lao na ya baraza lao, na sauti hizo hazikupatana na wimbo.

Basi kila mwimbaji na ajihoji kwa maswali matatu. La kwanza: Je, naimba hivi hivi penye mazishi ya maskini asiye na jamaa, ambapo hapana mgeni wa kunisifu? La pili: Akichaguliwa mwingine kuimba sehemu yangu, naye akaimba vizuri kuliko mimi, je, nafurahi pamoja na usharika, au natafuta kosa lake? La tatu: Yuko mtu ambaye akisikia sauti yangu kanisani hawezi kuimba, kwa sababu ya niliyomtendea? Swali hili la tatu ndilo lililotushinda sisi.

Tena tumkumbuke Asafu. Huyu alikuwa mmoja wa wakuu wa waimbaji wa Daudi, na Zaburi ya 73 ina jina lake. Humo yeye aungama ya kuwa miguu yake ilikuwa karibu kuteleza, maana aliwaonea wivu wenye kiburi alipoona raha yao. Mkuu wa waimbaji alikuwa na wivu! Naye hakuuficha wivu huo nyuma ya sauti nzuri. Aliuleta patakatifu, akauungama, nao ukageuka kuwa zaburi inayowafariji watu mpaka leo. Huo ndio unyofu tunaoutaka. Mtu mnyofu ana dhambi kama wengine, lakini hamwimbii Mungu ili kuzifunika.

Kwa ninyi msio na sauti nzuri wala elimu kubwa, twasema: msiogope, wala msijifiche nyuma ya udhaifu wenu. Katika ile sura ya 25 imeandikwa ya kuwa zamu zilipigiwa kura sawasawa, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Asiyejua aliwekwa pamoja na ajuaye, apate kujua. Bwana hakudai kwako sauti asiyokupa. Lakini sauti aliyokupa, iwe ndogo namna gani, aitaka ifike kwa wakati, iwe imejifunza maneno yake, iwe inasikiliza za wenzake.

Kwa ninyi mlio hodari twasema: fundisheni. Kenania anatajwa kwa kuwa aliwafundisha wengine. Mtu anayeufungia ustadi wake ili asipate wa kushindana naye amekwisha kujipigia kinanda mwenyewe. Tena msiwacheke wanaokosea. Mikali, mke wa Daudi, alikaa dirishani siku ile ya furaha, akamdharau moyoni mwake mfalme aliyekuwa akicheza mbele za Bwana. Dirisha la Mikali lipo katika kila kanisa, na mara nyingi wanaokaa hapo ni wale wajuao muziki.

Na kwa Wazee wa Kanisa twasema: msimwite mtu wa kinanda siku ya sikukuu tu na kumsahau siku nyingine. Mwulizeni habari za nyumbani kwake. Nunueni vitabu, wekeni siku ya mazoezi, nanyi wenyewe hudhurieni. Na aliye katika ugomvi mwendeeni mapema kwa upole, kabla kinanda chake hakijawa mlima usioweza kuondolewa.

Lakini jambo la tatu ni kubwa kuliko yote, nasi tusipolisema tumewaachia mzigo tu.

Labda mmoja wenu amekwisha kusoma hata hapa, naye asema moyoni, "Basi mimi niache kuimba. Mkono wangu si stadi, na moyo wangu si safi." Ndugu, rudi tena kwenye safari ya pili. Walawi walijitakasa, Kenania alifundisha, Sanduku lilikuwa mabegani kama ilivyoamriwa. Je, walikwenda kwa kuutegemea utaratibu wao? Mstari wa 26 wasema ya kuwa Mungu ndiye aliyewasaidia Walawi wale, nao wakachinja ng'ombe saba na kondoo waume saba. Wimbo wao ulikwenda pamoja na damu ya sadaka. Walijua ya kuwa hata wajitakasapo, hawawezi kusimama karibu na Mungu aliye hai kwa usafi wao.

Nasi tunayo sadaka iliyo bora. Usiku ule aliotolewa, Bwana wetu alikaa mezani pamoja na wanafunzi wake, na Marko atuambia ya kuwa walipokwisha kuimba walitoka kwenda mlima wa Mizeituni. Yesu aliimba! Aliimba pamoja na watu waliokuwa karibu kukimbia, na mmoja wao kabla ya jogoo kuwika alimkana mara tatu. Hakuwaambia, "Nyamazeni, mioyo yenu si minyofu." Aliimba nao, kisha akaenda kufa kwa ajili yao. Katika wimbo ule moyo mmoja tu ulikuwa mnyofu kabisa, na moyo huo ulizichukua sauti za wengine wote mbele za Baba.

Ndivyo ilivyo katika kila ibada yetu. Ustadi wetu wahitaji kufundishwa, na unyofu wetu, hata siku uwapo bora, wahitaji kusamehewa. Hatuimbi ili Mungu apate kutupenda. Twaimba kwa kuwa ametupenda, na kwa hiyo twajifunza vema, na kwa hiyo twapatana na ndugu zetu. Yule Bach, alipokuwa fundi mkubwa huko Leipzig tangu mwaka 1723 hata kufa kwake mwaka 1750, alikuwa na desturi ya kuandika juu ya kazi zake nyingi herufi za kumwomba Yesu amsaidie, na mwishoni herufi za kumpa Mungu peke yake utukufu. Tungependa kila mwimbaji wetu aziandike moyoni. Mwanzo, ombi, kwa kuwa hatuwezi. Katikati, kazi ya bidii, kwa kuwa Bwana aistahili. Mwisho, utukufu urudi kwake aliyeutoa wimbo.

Jumapili ijayo, kabla hujafungua kitabu cha nyimbo, tazama kushoto na kulia. Ukimwona ndugu ambaye hamjapatana, usingoje Pasaka ipite. Na Jumamosi jioni, saa ya mazoezi itakapofika, usiseme umechoka. Mwendo ni mmoja, nao waelekea Yerusalemu.

Na tuombe: Ee Bwana, uliyeimba pamoja na wanafunzi dhaifu, ukawafia, utusamehe nyimbo tulizokuimbia huku tumewafungia ndugu zetu mlango. Utusamehe na uvivu wetu tuliouita unyenyekevu. Fundisha vidole vyetu, fungua vinywa vyetu, patanisha nyumba zetu, hata tufike siku ile tutakapokusifu pamoja na watakatifu wote pasipo kukosea tena. Amin.